Damu ya trauti na majira ya Mlima Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wafugaji wa trauti wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, pamoja na yeyote anayefuga samaki huyu kwenye maji ya mlimani. Maswali yenyewe ni ya wafugaji wenzangu. Mengi niliulizwa tukiwa tumesimama kando ya mfereji, samaki wakihemea juu juu, na mwenye shamba hajui aanzie wapi. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyofanya kazi kila siku, na pale ninapoona jambo ni zito sikuogopa kurefusha.

Kwa nini nijisumbue na damu? Si naona samaki wanakula?

Kula kunadanganya. Trauti aliyepungukiwa damu sana anaweza kuendelea kupanda juu kudaka chakula, maadamu maji ni baridi na hakuna anayemsumbua. Shida huonekana siku unapomkimbiza kwa wavu, au mchana ambao maji yamepanda joto. Hapo mwili unadai oksijeni nyingi kwa mpigo na damu haina uwezo wa kuibeba.

Nimewahi kupoteza samaki kwa namna hiyo. Ilikuwa Februari. Asubuhi walikula vizuri, saa nane mchana tukaingia mferejini kutenga wakubwa na wadogo, na kufikia saa kumi na moja wengi walikuwa wamelala ubavu. Nilipofunua vifuniko vya mashavu, matamvua yalikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, kama nyama iliyolowekwa majini usiku kucha. Upungufu ule haukuanza siku hiyo. Ulikuwapo kwa majuma, nami nilikuwa nikiona chakula kinaisha nikaridhika. Tangu hapo sikubali samaki waguswe kabla sijafunua mashavu ya watano au sita.

Damu ya trauti ina tofauti gani na ya ng'ombe au ya mtu?

Chembe zake nyekundu zina umbo la yai na kila moja ina kiini chake ndani, tofauti na zetu ambazo hazina. Ukizitazama kwa hadubini mara ya kwanza unaweza kudhani umekosea kioo. Kiasi cha damu ni kidogo: ni asilimia 3 hadi 4 hivi ya uzito wa mwili. Samaki wa gramu 300 ana kama mililita 10 tu, sawa na vijiko viwili vya chai. Ndiyo maana jeraha linaloonekana dogo kwetu, kwake si dogo.

Samaki hatengenezi damu ndani ya mifupa. Kazi hiyo hufanyika hasa sehemu ya mbele ya figo. Bila shaka figo hilo unalijua: ni ule utepe mwekundu ulioiva, unaoelekea weusi, uliogandamana na uti wa mgongo, ambao mpishi huukwangua kwa kijiko anaposafisha trauti. Akiba ya chembe nyekundu hukaa kwenye bandama, na samaki akishtuka bandama hujikamua na kuzimwaga kwenye mzunguko.

Samaki pia hana zile tezi zinazokaa juu ya figo kama zetu. Chembe zinazotoa homoni za msongo, yaani adrenalini na kotisoli, zimo humo humo sehemu ya mbele ya figo. Kiwanda cha damu na kiwanda cha kotisoli viko nyumba moja. Ukilishika jambo hilo, mengi yanayofuata hapa chini yatakuelea kwa urahisi.

Sisi tuko kwenye ikweta. Hatuna theluji wala majira manne. Majira yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana, ila kwa njia yetu. Ulaya, Uturuki au Iran, trauti hufuata urefu wa mchana: mchana ukifupika, mwili unajiandaa kutaga, homoni zinabadilika, madume wanapigana na ngozi zao zinashikwa na ukungu kwa urahisi. Huku kwetu mchana ni saa kumi na mbili, ukizidi au kupungua ni kwa dakika chache tu mwaka mzima. Kinachobadilika ni mto: wingi wa maji, joto lake, na kile kilichochanganyika nayo.

Tukumbuke pia kwamba samaki huyu ni mgeni. Trauti wa kwanza waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskoti, wakaachiwa mto Gura kule Nyandarua, na aliyewaleta ni mlowezi Ewart Grogan. Hao walikuwa trauti wa kahawia. Huyu tunayemfuga sasa, trauti wa upinde wa mvua, kwa asili ni wa mito inayomwaga Bahari ya Pasifiki, kuanzia Amerika Kaskazini hadi Kamchatka, nasi tulimpata kupitia Afrika Kusini. Kituo cha Kiganjo cha kutotolesha vifaranga kilianzishwa mwaka 1948. Vizazi vingi vimepita, lakini damu yake bado ni ya samaki wa maji baridi yanayokwenda kasi. Maji ya nyuzi 12 hadi 16 ndiyo raha yake. Yakifika 20 hamu ya kula inamwishia, na yakikaribia 25 anakufa.

Msimu upi ni mbaya zaidi kwa damu ya trauti wa huku?

Wengi hujibu Julai kwa sababu ya baridi. Mimi nasema Januari hadi Machi, kiangazi, kabla ya mvua ndefu. Naomba nilieleze hili kwa kirefu, maana ndiko tunakopoteza samaki wengi bila kujua sababu.

Kwanza ni suala la hewa ya mlimani. Maji ya nyuzi 15 kule Mombasa yangeweza kushika miligramu 10 hivi za oksijeni kwa lita. Maji hayo hayo, kwa joto hilo hilo, yakiwa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hayashiki zaidi ya 8, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Yapashe moto hadi nyuzi 20, nayo hushuka hadi 7. Trauti anataka asikose 6. Kwa hiyo mfugaji wa nyanda za juu ana akiba ya miligramu mbili siku nzuri, na moja tu mchana wa Februari. Hapo bado hujahesabu samaki wenyewe wanavyopumua kutoka kichwa cha mfereji hadi mwisho wake.

Pili, mto wenyewe unapungua. Mito ya upande wa magharibi wa mlima, kama Naro Moru na Burguret, hunywewa na mashamba mengi kabla haijafika chini, na kiangazi kila mwenye bomba ana haja yake. Maji yanayoingia mferejini yakipungua nusu, oksijeni inayoingia nayo hupungua nusu, na uchafu wa samaki unakaa maradufu. Amonia hupanda, nitriti hupanda, nazo ni sumu zitokanazo na uchafu huo.

Tatu, mwili wa samaki unaenda mbio kufuata joto la maji. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo anavyohitaji oksijeni zaidi, na papo hapo himoglobini yake, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, inalegea, haiikamati oksijeni kwa nguvu kama ilivyokuwa kwenye maji baridi. Mahitaji yanapanda wakati ugavi unashuka.

Mwili hujaribu kujitetea. Hutengeneza chembe nyekundu zaidi, na ukipima damu ya samaki mzima katikati ya kiangazi mara nyingi unaikuta nzito kuliko ya Julai. Lakini kutengeneza damu kunataka chakula kizuri na figo lenye afya, na kunachukua majuma. Samaki aliyeingia Januari akiwa dhaifu hana pa kuitoa nguvu hiyo. Huyo ndiye atakayelala ubavu ukimgusa.

Na mvua zinapoanza, si ndiyo nafuu?

Baada ya wiki mbili tatu, ndiyo. Siku za mwanzo, hapana. Mvua ya kwanza ya Machi au Aprili, na ile ya vuli ya Oktoba, huosha kila kilichokuwa kimekauka juu: vumbi la barabara, mbolea, mavi ya mifugo, na dawa zilizopulizwa mashambani. Samaki ni wepesi mno kudhurika na dawa za wadudu kuliko mnyama yeyote wa shambani.

Tope lenyewe ni adui. Chembe ndogo za udongo hukwaruza matamvua, nayo hujikinga kwa kutoa ute na kunenepesha ngozi yake. Oksijeni ikabaki nje, hata kama kipimo chako kinasema maji yana 8. Ukikuta samaki wanahema haraka kwenye maji baridi ya kutosha, chukua mmoja, kata kipande kidogo cha tamvua, kiweke kwenye kioo na tone la maji. Ukiona kahawia imeshikamana kati ya nyuzi zake, hilo ndilo jibu.

La kufanya: kuwe na bwawa la kutuliza tope kabla ya mfereji, lango la kuingizia maji unaloweza kulifunga nusu, na usilishe siku ambayo maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mfereji usioweza kufungwa mdomo mimi siuiti mfereji kamili.

Vipi baridi ya Juni hadi Agosti?

Kwa samaki wakubwa ni msimu mwema. Maji yana oksijeni, damu imetulia, kazi ya kutenga na kuhamisha ifanywe wakati huu. Kasoro ni moja: kinga ya mwili hufanya kazi polepole maji yakiwa baridi sana. Jeraha linachelewa kupona, ukungu mweupe kama pamba unaota mahali magamba yalipotoka. Pia kula kunapungua, na mfugaji akiendelea kumwaga kiasi kile kile cha Februari, chakula kinaoza chini.

Vifaranga ni habari nyingine. Wao baridi inawaumiza zaidi, na kuna magonjwa ya damu yanayopenda maji baridi. Nitayataja mbele.

Msongo ni nini hasa kwa samaki? Si ni neno la watu wa mjini?

Ni jambo la mwilini, na linapimika. Samaki akifukuzwa na wavu, ndani ya sekunde adrenalini inamwagika. Moyo unabadili mapigo, bandama inajikamua, na chembe nyekundu zenyewe zinavimba ili kushika oksijeni zaidi. Dakika chache baadaye kotisoli inaanza kupanda, na inafika kilele kati ya nusu saa na saa moja. Trauti aliyetulia huwa na kotisoli isiyozidi nanogramu 10 hivi kwa mililita ya damu. Aliyekurupushwa hufika 100 na kuvuka. Sukari ya damu nayo hupanda na hubaki juu kwa saa kadhaa.

Msongo wa mara moja, samaki mzima anaumudu, na kesho yake huwa amerudi alipokuwa. Unaomla ni ule usioisha: msongamano, kelele, ndege wanaorukia mfereji, maji machafu ya kiangazi. Kotisoli ikikaa juu kwa majuma, chembe nyeupe zinazopambana na maradhi zinapungua, hamu ya kula inashuka, na chumvi ya mwili inazidi kuvujia majini kupitia matamvua. Samaki wa maji yasiyo ya chumvi siku zote anapoteza chumvi na kuingiza maji, na msongo huongeza kasi hiyo. Ndiyo sababu tukisafirisha vifaranga tunatia chumvi gramu 3 hadi 5 kwa kila lita ya maji ya safari.

Nitapimaje damu bila maabara kubwa?

Kwa vitu vichache unaweza kufika mbali. Unahitaji sindano ndogo, heparini ya kuzuia damu isigande, mirija myembamba ya kioo, na mashine ya kuzungushia damu. Mashine hiyo zahanati nyingi na wauguzi wa mifugo wanayo, kwa hiyo waweza kuazima nafasi.

Samaki alale kwanza kwa dawa. Mlaze kwenye kitambaa kilicholowa, tafuta pezi la nyuma ya njia ya haja, songa nyuma kidogo kuelekea mkia, na ingiza sindano katikati ya tumbo la mkia hadi iguse mfupa. Mshipa uko chini tu ya mfupa huo. Vuta taratibu. Ukivuta kwa pupa mshipa unanywea na chembe zinapasuka. Nusu mililita inatosha, na samaki wa gramu 300 hatadhurika.

Jaza mrija, uzungushe kwa dakika tano. Ukiutoa utaona damu imejigawa: chini nyekundu nzito, juu maji ya manjano, na katikati yake ukanda mweupe mwembamba kama uzi, ambao ni chembe nyeupe. Pima urefu wa nyekundu, ugawe kwa urefu wote. Hiyo ndiyo hematokriti. Kwa dakika chache hizo umepata habari ambayo macho yasingekupa.

Kipima sukari cha wagonjwa wa kisukari nacho kinafaa. Namba zake kwa samaki huwa chini kidogo ya zile za maabara, lakini ukitumia kifaa kile kile kila mara, kulinganisha kunawezekana. Kotisoli peke yake ndiyo inayotaka maabara.

Dawa gani ya kumlaza samaki?

Tunayoipata kwa urahisi ni mafuta ya karafuu, hayo hayo ambayo Zanzibar na Pemba wanayakamua kutoka kwenye makonyo na majani. Kemikali yake, eujenoli, humlaza samaki kama inavyotuliza jino. Kiasi ni miligramu 25 hadi 50 kwa lita moja ya maji. Mafuta hayachanganyiki na maji baridi, kwa hiyo yayeyushe kwanza kwenye spiriti, sehemu moja ya mafuta kwa tisa za spiriti, kisha utikise ndani ya ndoo. Ukiyamwaga hivi hivi yataelea, samaki mmoja atalala fofofo na mwenzake atabaki anaruka.

Samaki uliyemlaza kwa dawa asiende sokoni wala jikoni siku hiyo. Muulize daktari wa mifugo muda wa kusubiri.

Namba za kawaida ni zipi?

Kwa trauti mzima: hematokriti kati ya asilimia 30 na 45, himoglobini gramu 6 hadi 9 hivi kwa desilita, chembe nyekundu karibu milioni moja kwa kila mikrolita. Chini ya asilimia 20 ya hematokriti huo ni upungufu wa damu, usibishane nao.

Lakini namba za vitabuni ni za samaki wa mtu mwingine, kwenye maji mengine, kwenye mwinuko mwingine. Ninachowasihi wafugaji ni hiki: pima samaki kumi wazima wa kwako, mwezi wa Julai wakiwa wametulia, tena kumi mwezi wa Februari, na kumi katikati ya mvua. Andika joto la maji, saa ya siku, uzito wa kila samaki. Fanya hivyo miaka miwili. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko jedwali lolote, kwa sababu siku ukikuta asilimia 28 mwezi wa Februari utajua kama ni kawaida ya shamba lako au ni hatari. Bila daftari, 28 ni namba tu.

Nimepata hematokriti ya asilimia 52. Nifurahi?

Usifurahi bado. Ulichukua muda gani kumkamata? Ukimkimbiza dakika tano kwa wavu, bandama imeshajikamua na chembe zimevimba, na hicho ulichopima ni mbio zako mwenyewe. Kwa kawaida samaki nataka atoke majini aingie kwenye ndoo ya dawa haraka iwezekanavyo, na damu iwe imetoka ndani ya dakika tatu tangu mfereji usumbuliwe. Samaki wa mwisho kuvuliwa huwa na namba za juu kuliko wa kwanza, hata kama wote ni wazima. Kwa hiyo andika pia nani alitangulia.

Kama ulikuwa mwepesi na bado ni 52, angalia oksijeni ya mchana na hali ya matamvua.

Damu imetoka ya kahawia, kama chai ya rangi. Ni nini?

Nitriti. Huingia kupitia matamvua na kuibadilisha himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Hematokriti inaweza kuonekana nzuri kabisa, chembe zipo zote, lakini hazifanyi kazi. Samaki anakosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni tele. Huku kwetu hutokea kiangazi kwenye mashamba yanayorudisha maji, au mfereji uliojaa samaki na maji kidogo.

Acha kulisha, ongeza maji mapya, na tia chumvi ya kawaida. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua. Msiwaguse samaki hao kwa siku kadhaa, kwa sababu damu inahitaji muda kurudi.

Matamvua ni meupe, lakini maji ni mazuri. Je, ni ugonjwa?

Huenda. Upungufu wa damu una njia tatu: damu inamwagika, chembe zinavunjwa, au kiwanda kimesimama. Mpasue samaki aliyekufa sasa hivi. Bandama ikiwa imevimba na ya mviringo, kuna maambukizi. Kwenye nchi za baridi kuna bakteria anayewapata vifaranga kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, akiwaacha na matamvua meupe na bandama kubwa. Ulaya na Amerika Kaskazini kuna pia kimelea kinachovimbisha figo maji yakivuka nyuzi 15, na samaki hubaki hana damu.

La kwetu ni IHN, virusi ambavyo watafiti walitangaza mwaka 2019 kwamba vimepatikana kwa trauti waliofugwa Kaunti ya Nyeri. Virusi hivi huua tishu zinazotengeneza damu, yaani sehemu ile ile ya figo niliyoieleza, na hupenda maji ya nyuzi 8 hadi 15. Maji yetu huangukia humo kila mwezi wa mwaka, hata kama alasiri za kiangazi huvuka 15. Ulaya maji yakipata joto ugonjwa hupoa. Sisi hatuna pumziko hilo, na kwa maoni yangu jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Ukiona vifaranga wanazungukazunguka kama waliolewa, macho yametokeza, tumbo limevimba, rangi imekuwa nyeusi, na uzi mweupe wa kinyesi unaning'inia, usihamishe samaki hata mmoja kutoka shambani. Hakuna dawa. Kinga ni kujua vifaranga na mayai yametoka wapi, na nyavu za shamba moja zisiende shamba jingine.

Chakula kinahusiana vipi na damu?

Kwa karibu sana. Damu inataka madini ya chuma, asidi ya foliki, vitamini B12, na vitamini E. Chakula cha trauti kina mafuta mengi, na mafuta yakichacha huharibu vitamini E na kuvunja chembe nyekundu. Gunia lililokaa chini ya bati la moto Januari na Februari linachacha, na gunia lililogusa sakafu Aprili linaota ukungu. Kunusa ni kipimo kizuri: chakula kizima kinanuka samaki, kilichochacha kinanuka kama rangi ya mafuta. Nimeona shamba lililotumia pesa nyingi kwa dawa wakati ubaya ulikuwa stoo.

Nunua cha mwezi mmoja au miwili, kipandishe juu ya mbao, na tumia kilichotangulia kuingia.

Nimesoma tafiti za Uturuki na Iran kuhusu damu ya trauti kwa misimu. Nizitumie?

Zisome kwa ajili ya kuelewa mwelekeo. Kule maji hushuka hadi nyuzi 5 au 6 majira ya baridi na kupanda karibu 20 kiangazi, kwa hiyo mabadiliko ya damu yao ni makubwa na ya polepole, mwili una miezi ya kujipanga. Hata Lesotho, ambako trauti hufugwa kwenye vizimba ndani ya bwawa la Katse, wana baridi na joto la kweli. Huku kwetu mabadiliko ni ya siku moja: alfajiri nyuzi 11, alasiri 18, kila siku kwa wiki nane. Damu haibadiliki kwa kasi hiyo. Samaki anavumilia kwa adrenalini na kotisoli, na ndiyo maana kiangazi chetu kinaonekana zaidi kwenye vipimo vya msongo.

Nipangeje kazi za mwaka?

Kutenga kwa ukubwa, kuhamisha na kusafirisha vifanywe Juni hadi Agosti, au Novemba na Desemba maji yakishatulia. Januari punguza samaki kwa kuuza, usingoje Machi. Kiangazi lisha alfajiri na usilishe saa za mchana, kwa kuwa samaki aliyeshiba anatumia oksijeni zaidi. Kivuli juu ya mfereji kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, hata cha makuti au matawi. Kabla ya kuwashika samaki, wanyime chakula siku moja, na maji yakiwa baridi sana siku mbili. Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi na iishe kabla ya saa nne.

Msongo unaathiri nyama?

Ndiyo. Samaki aliyepigana sana kabla ya kufa ana asidi nyingi kwenye misuli, anakakamaa mapema, na minofu yake inalegea na kupasukapasuka. Wapishi wa mahoteli hutambua mara moja. Mpige kichwani pigo moja la uhakika, kisha mtie kwenye barafu.

Nikihitaji maabara, niende wapi na nipelekeje?

Anza na afisa wa uvuvi wa kaunti yako. Kuna kituo cha KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kule Sagana, na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Piga simu kwanza. Wanachopenda kupokea ni samaki hai wanaougua, watatu au wanne, kwenye mfuko wenye maji theluthi moja na oksijeni iliyobaki, ndani ya kasha lenye barafu isiyogusa maji. Samaki aliyekufa jana hafai, maana figo huoza kwanza. Ikiwa ni damu tu, iwe kwenye heparini, kwani baadhi ya dawa za kuzuia kuganda zinazotumiwa kwa watu huzipasua chembe za samaki. Iwe ya baridi lakini isigande, na ifike siku hiyo hiyo. Paka tone kwenye vioo viwili ukiwa bado shambani, viache vikauke hewani, na andika juu yake kwa penseli: tarehe, saa, joto la maji, na mfereji namba ngapi.